Pini ya Nkgono Mmatefo

Katika nyumba ya wazee ya Mofuthu, pembeni mwa mji wa Ficksburg, mhudumu mgeni hufundishwa kwanza mahali pa kuweka mikono yake. Kunawa na kuvaa glavu huja baadaye. Mikono ikae nyuma ya mgongo. Mzee aliyepooza upande mmoja anapohangaika na kifungo, mhudumu asimame karibu kiasi cha kumdaka akiyumba, atazame, angoje. Atakayekifunga kifungo kile kwa niaba yake amemwibia.

Selloane Motaung aliisikia kanuni hiyo siku yake ya kwanza kazini, na aliielewa. Hili lisemwe mapema, kwa sababu baadaye alijaribu kujidanganya kwamba hakuielewa vizuri.

Kuielewa hakukumfanya aipende. Alilelewa na bibi yake huko Meqheleng, kitongoji cha mji huohuo, katika nyumba ambamo mtoto aliyekaa huku mtu mzima anahangaika alichapwa bila kuelezwa kosa. Kusimama kama mlinzi wa benki mbele ya kikongwe aliyenasa ndani ya mkono wa blauzi lilikuwa jambo lililomwasha ngozi. Lakini alijizoesha, kama wenzake wote walivyojizoesha, na kwa miaka kadhaa alikuwa mhudumu mzuri.

Nkgono Mmatefo aliletwa Mei, akitoka hospitali. Mofuthu kila bibi huitwa nkgono, na huyu alikuwa mama wa Tefo, mwanawe pekee, kwa hiyo jina lake lilikuwa hilo tu. Kiharusi kilikuwa kimemkunja mkono wa kulia na kuulegeza mguu, kikasahau ulimi. Asubuhi ya kwanza alionja uji mchachu wa mtama, akakiweka kijiko chini taratibu, akasema uji ule umepikwa na mtu aliyesikia habari za mtama kwa jirani. Shingoni alining'iniza ufunguo wa nyumba yake ya mawe huko Clocolan, yenye mipichi saba uani. Na begani alikuwa na blanketi lake la ndoa, la rangi ya udongo mwekundu, lenye mchoro wa magunzi ya mahindi, lililofungwa kifuani kwa pini kubwa. Mwanamke aliyeolewa, kwa desturi yake, hatoki nje na blanketi lililo wazi.

"Siku nikilifunga hili mwenyewe," alimwambia Selloane, "nifungulieni geti."

Hayo hayakuwa maneno ya mzaha. Tefo, anayefanya kazi mgodini Rustenburg, alikuwa amekubaliana na Mofuthu mbele ya mama yake. Majira ya machipuko yakifika naye anaweza kuvaa mwenyewe, kujimiminia chai bila kujiunguza na kufunga pini yake, atarudi Clocolan, na jirani atakuwa anamchungulia asubuhi na jioni. Asipoweza, atabaki Mofuthu moja kwa moja, na nyumba itapangishwa kwa mwalimu mmoja aliyekwisha kuiulizia.

Mtaalamu wa mazoezi, binti mkimya aitwaye Nthatisi, aliukagua mkono ule na kusema una matumaini. Vidole vilikuwa vinaanza kuitika. Akamweleza Selloane kwamba miezi ya mwanzo baada ya kiharusi mkono hujifunza upya kama mtoto mchanga, na usipotumwa kazi wakati huo hujifunza uvivu.

Selloane aliutuma mkono ule kazi, Mei yote na Juni yote. Kulikuwa na asubuhi ambazo pini ile iliingia kwenye blanketi nusu, ikatoka, na wote wawili wakacheka.

Julai metroni aliwaita wahudumu jikoni. Metroni Ralebitso ni mwanamke mrefu asiyepoteza neno. Alisema bawa jipya la jengo, la wazee wasiorudi kwao, litafunguliwa siku ya kwanza ya Septemba, vitanda vitaongezeka, na wahudumu wapya wataajiriwa. Wapya hao watahitaji kiongozi wa zamu, naye atatoka miongoni mwa wa zamani. Kiongozi atavaa sare ya rangi ya damu ya mzee badala ya kijani, na Januari atapelekwa Bloemfontein kusomea uuguzi kwa gharama ya nyumba.

Selloane alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Uuguzi aliutamani tangu shuleni, akaukosa kwa sababu ambazo kila mtu pale jikoni alikuwa na zake zinazofanana nazo. Usiku ule alipanga nywele zake zitakavyokaa chini ya kofia ya muuguzi.

Metroni aliwapima kwa mambo mawili. Alitazama wazee wa nani wamefika mezani, wamevaa, kengele ya kifungua kinywa inapolia. Kisha, wakati wa kubadilishana zamu, aliuliza kila mzee ameweza nini mwenyewe. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yalikuwa ng'ombe wawili waliofungwa nira moja, kila mmoja akielekea zizini kwao. Selloane aliliona hilo mapema sana.

Asubuhi moja ya barafu, kengele ikiwa imeshalia, pini ya Nkgono Mmatefo ilianguka chini ya kitanda. Selloane aliinama, akaiokota, akaifunga. Ilichukua muda wa kupiga chafya. Kwenye zamu metroni alipofika kwa jina la Mmatefo, Selloane alisema kavaa mwenyewe, pini tu ndiyo kasaidiwa kidogo. Kesho yake alifunga pini na vifungo viwili vya juu, na kwenye taarifa akaliacha lile neno kidogo. Wiki iliyofuata alikuwa anamvisha kutoka soksi hadi blanketi, na kila asubuhi anasema: mwenyewe.

Bibi hakulalamika.

"Mikono yako ina haraka kuliko miguu ya mwizi, ausi," alisema siku moja, akimwita dada kama wahudumu wote wanavyoitwa, na kumwinulia kidevu ili afike vizuri shingoni. "Haya, nivishe. Leo mimi ni bibi harusi."

Moliehi, mhudumu wa chumba cha pili, ambaye wazee wake walifika mezani wamechelewa na vifungo vimekosea matundu, alimsimamisha kwenye korido. "Ausi Selloane, wazee wako siku hizi wanavaa kama askari. Unawanywesha nini, na sisi tukawape wetu?"

"Subira," alijibu Selloane.

Jibu hilo lilimrudia mara nyingi baadaye, wakati mwingine akiwa anapiga mswaki.

Taarifa zile zilifika kwa Nthatisi pia. Mkono unakwenda vizuri, alisema, basi sasa tuushughulikie mguu. Saa za mkono akampa mzee mwingine, aliyesemekana kuachwa nyuma. Kwa hiyo mkono wa Nkgono Mmatefo, uliokuwa unaitika Juni, haukuitwa na mtu yeyote Julai nzima wala Agosti.

Siku ya kipimo ilikuja mwishoni mwa Agosti, pamoja na upepo wa vumbi ambao kila mwaka hutangulia maua ya pichi. Tefo alikuja, mwanamume mpana mwenye sauti ndogo, akakaa kwenye kiti katika jiko la mazoezi, chumba cha wazee kujaribia kazi za nyumbani, na kofia magotini. Mama yake alipewa birika na kikombe. Kwa mkono wa kushoto alimimina vizuri. Wa kulia ulitakiwa kushika kikombe, nao haukufunguka. Chai ilienda mezani. Blauzi ilimchukua muda mrefu hata Tefo akaanza kutazama ukuta. Pini ilianguka, ikaokotwa, ikaanguka tena.

"Lakini kila asubuhi anaifunga," alisema Nthatisi. Alisema bila kumlaumu mtu. Alikuwa anashangaa tu.

Selloane alikuwa amesimama mlangoni. Mikono yake ilikuwa nyuma ya mgongo, mahali hasa ilipofundishwa kukaa. Nkgono Mmatefo alimtazama kitambo, akageuza uso dirishani.

"Leo mkono umeninunia," alisema. "Ni huu upepo."

Aliitwa daktari, kwa kuwa Nthatisi alihofia kiharusi kingine kidogo kilichopita bila kuonekana. Daktari hakukiona wala hakukikana. Alisema katika umri ule mkono unaweza kurudi nyuma. Neno hilo, kurudi nyuma, likamganda bibi kama kupe, na Tefo akaliamini, kwa kuwa lilitoka kwa mtu aliyesoma na kwa kuwa alikuwa ameyaona mwenyewe. Kabla ya kuondoka alimwambia mama yake, polepole, kwamba Jumamosi ya pili ya Septemba atakuja kuchukua ufunguo.

Siku ya kwanza ya machipuko Mofuthu ilipendeza. Mablanketi ya majira ya baridi yalikuwa yameanikwa uani, madirisha yameoshwa, wazee wamevishwa kofia za maua ya karatasi. Bawa jipya lilinukia rangi. Metroni alimwita Selloane mbele, akamkabidhi sare ya damu ya mzee, na watu wakapiga makofi. Nkgono Mmatefo alikuwa kwenye kiti cha magurudumu mstari wa mbele, kitanda chake kikiwa kimeshahamishiwa bawa lile la wasiorudi kwao.

"Wamenivika maua," alimwambia aliyekaa jirani, kwa sauti iliyofika mbali. "Kwetu maua hupewa aliyelala chali."

Wote walicheka. Selloane naye alicheka, akahisi sare mpya imembana kwapani.

Wahudumu wapya walikuwa wengi wao mabinti waliotoka kumaliza shule, na kazi ya kwanza ya kiongozi wa zamu ilikuwa kuwafundisha kanuni ya mikono. Selloane aliwapanga kwenye veranda na kuisema jinsi alivyoambiwa yeye. Alipofika kwenye neno amemwibia, alilitamka haraka.

Mmoja wao, Keneuwe, aliinua kidole. Akauliza itakuwaje kama huyo anayehangaika ni nkgono mtu mzima, anatetemeka, nawe umekaa tu unamtazama. Kwao hiyo ni dharau.

Selloane alijibu kwamba dharau ni kumfanya mtu mzima kuwa mtoto. Jibu lilikuwa sahihi. Angeweza kulichapa na kulibandika ukutani.

"Na wewe, ausi," Keneuwe akauliza, "ulizoea vipi?"

Mabinti walimtazama wakingoja, kwa heshima, kama wanafunzi wazuri wanavyongoja. Selloane aliwaambia waende wakanywe chai.

Alimkuta Nkgono Mmatefo upande wa pili wa bawa jipya, ameelekezwa kwenye jua. Ufunguo ulikuwa bado shingoni. Blanketi lilikuwa limefungwa. Mhudumu mpya alikuwa amemfungia, na hakuna aliyemkataza, kwa kuwa katika bawa lile mazoezi ya mkono hayafanywi tena. Selloane alichuchumaa mbele yake. Alimwambia waanze tena, wawili tu, kila jioni baada ya zamu, bila kumwambia mtu.

"Ili iweje?" aliuliza bibi. "Mkono huu umeshasomewa hukumu."

"Basi nitamwambia metroni ukweli. Na ntate Tefo nitamwambia," alisema Selloane, akimwita Tefo baba kwa heshima.

Sauti ya bibi safari hii haikuwa na mzaha.

"Utawaambia kwamba mimi, mtu mzima, niliketi kimya nikivishwa? Nilijua, Selloane. Sikuwa nimelala. Tangu baba yake Tefo afe hakuna mtu aliyenishika shingoni kwa upole, nami nikasema, acha, kidole kitangoja. Hakikungoja. Kwa hiyo usijitwishe aibu yote peke yako kama mtu anayebeba maji ya harusi. Nyingine ni yangu."

Kwa dakika moja Selloane alidhani amesamehewa.

"Lakini mimi sikufundishwa," bibi alimalizia. "Wewe ulifundishwa."

Alikwenda kwa metroni siku hiyohiyo, kabla ujasiri haujapoa. Alisema akiwa amesimama. Metroni Ralebitso alimsikiliza akiwa na kalamu mkononi, kisha akaifunika kalamu. Aliuliza ilitokea mara ngapi, akajibiwa kila siku. Akauliza kama kuna wazee wengine. Selloane alimtaja mmoja, wa vifungo tu, wala hakujitetea kwamba ni vifungo tu.

Metroni hakupaza sauti. Alisema sare irudi kesho ikiwa imefuliwa. Uongozi na safari ya Bloemfontein vitakwenda kwa Moliehi. Jumamosi Selloane atasema mwenyewe mbele ya mtoto wa bibi. Kisha alitazama nje, ambako mabinti wapya walikuwa wanavuta vitanda.

"Kengele ile," alisema, "nilikuwa nauliza nani kafika mezani." Hakuimalizia sentensi, na Selloane hakuona kama ni haki yake kumsaidia kuimalizia.

Jumamosi Tefo alikuja amevaa suti, kama mtu anayekwenda kwenye msiba usio na maiti. Walikaa wanne, pamoja na metroni, katika jiko la mazoezi. Selloane alisema. Alikuwa ameyapanga maneno, lakini yalitoka mafupi kuliko alivyoyapanga, kwa sababu jambo lenyewe lilikuwa fupi. Alisema hakufanya kwa heshima ingawa ndivyo alivyojiambia. Alifanya ili bibi awahi mezani na yeye apandishwe cheo.

Tefo aliizungusha kofia magotini mara kadhaa.

"Nilikaa kwenye kiti hiki," alisema, "nikamwona mama yangu ni mtu aliyekwisha. Nikamwambia alete ufunguo. Ulikuwa umesimama pale."

"Ndiyo, ntate."

"Ulikuwa umesimama pale." Akamgeukia mama yake. "Na wewe, mme, mama yangu, ulinyamaza?"

"Nilikuwa nabembelezwa," alisema Nkgono Mmatefo. "Wewe hujazeeka. Siku ukizeeka uliza tena."

Tefo alikuwa ameshampa mwalimu neno lake, na neno kwake lilikuwa kitu kigumu kurudisha kuliko pesa. Hata hivyo alitoka nje kupiga simu, akarudi, akasema mwalimu atangoja hadi matunda ya cheri yaive, yaani hadi Novemba. Ufunguo aliuacha shingoni ulipokuwa. Kwa Selloane hakusema kwaheri.

Ndipo kazi ilipoanza. Nthatisi aliirudisha saa ya mkono. Selloane, sasa mwenye sare yake ya kijani, aliomba kuhudumia kitanda cha Nkgono Mmatefo, na metroni akamwambia akamwulize mwenye kitanda. Bibi alifikiri kidogo.

"Njoo," alisema. "Mwizi ndiye anayejua alikoficha."

Mipichi ya uani pale Mofuthu ilimaliza kumwaga maua, ikavaa majani. Kila asubuhi Selloane alisimama na mikono nyuma ya mgongo, akitazama mkono wa kulia ukitafuta tundu la kifungo kama kipofu anayetafuta mlango wa nyumba ya kupanga. Kengele ililia, wengine wakaenda, uji ukapoa. Moliehi, ndani ya sare yenye rangi ya damu ya mzee, alipita mlangoni na kuchungulia. Selloane alingoja kejeli, aliyoistahili. Moliehi aliwaletea uji uliopashwa moto, akauweka dirishani, akaenda zake. Kejeli ingekuwa nafuu.

Keneuwe naye alikuja kutazama siku moja. Alimwona bibi akitokwa jasho, akanyoosha mkono. Selloane alimshika kiganja, bila nguvu, akakirudisha nyuma ya mgongo wake. Hakumweleza kitu. Keneuwe alikuwa ameshasikia. Mofuthu nzima ilikuwa imesikia.

Kufikia Oktoba blauzi iliwezekana. Kikombe kilifuata, kikitetemeka. Mguu, uliofanyiwa kazi tangu Julai, ulikuwa sasa unambeba. Pini haikuja. Vidole viwili vilivyotakiwa kuibana vilifika karibu, vikaishia hewani. Selloane alimvizia Nthatisi kwenye korido, akamwuliza kama wangeendelea kuutuma mkono kazi Julai na Agosti ingekuwaje. Nthatisi alisema hakuna anayeweza kujua. Alisema pia, kwa sababu alikuwa ameulizwa, kwamba Juni yeye angeahidi kuwa pini itafungwa.

Novemba Tefo alikuja na gari la kukodi. Alitazama mama yake akivaa, akamtazama akimimina chai, akanywa ile chai. Kuhusu pini alisema jirani atafunga. Mofuthu walikuwa tayari wamemwekea bibi kapu la cheri garini.

Asubuhi ilikuwa na baridi kidogo kwa sababu ya mvua ya usiku. Nkgono Mmatefo alitaka kutoka na blanketi lake la ndoa, kama inavyompasa mwanamke anayerudi kwake. Keneuwe aliichukua pini kutoka mezani na kumsogelea, na safari hii Selloane hakumzuia, kwa kuwa mazoezi yalikuwa yamekwisha. Bibi mwenyewe ndiye aliyetikisa kichwa.

"Nitatoka nalo kama lilivyo," alisema.

Akaichukua pini kwa mkono wa kushoto, akaitia mfukoni mwa sketi, kisha kwa mkono huohuo akazibana pande mbili za blanketi kifuani. Tefo alimshika kiunoni hadi kwenye gari. Wahudumu wote, wa kijani na wa damu ya mzee, walijipanga getini wakipunga. Gari lilipoanza kwenda, bibi aligeuka dirishani kuwatazama. Mkono wa kulia ulikuwa umelala juu ya kapu la cheri magotini. Wa kushoto ulikuwa umeshika blanketi, wala asingeweza kuuachia. Aliwaitikia kwa kichwa.

Selloane aliipunga mikono yake miwili mpaka gari likakata kona, kisha akarudi ndani kutandua kitanda.